Nilikubali lini kuwa raia? Maswali yenu ya mwezi huu

Mwezi huu barua zimekuja nyingi ila karibu zote zinazunguka kitu kimoja, uraia na serikali, sijui mmeambizana. Nimechukua nne. Wale mliouliza bei ya pasipoti naomba mwende Uhamiaji, hapa sio dirishani.

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Nina miaka 23, naendesha bodaboda Mbagala. Juzi kijiweni tulibishana sana, nikawauliza wenzangu hivi mimi nilikubali lini kuwa raia wa Tanzania? Mkopo wa pikipiki tu nimesaini karatasi mpaka mkono umechoka, lakini hii ya uraia ambayo ni kubwa kuliko pikipiki hakuna aliyeniuliza, nimezaliwa Temeke nikakuta nimeshaingizwa. Sasa kama sikukubali, serikali inanidai utii kwa msingi gani? Na naweza kujitoa nisiwe raia wa popote, nibaki tu mtu wa kawaida naishi zangu kwetu? — *Mtu wa kijiweni, Mbagala*

JIBU: Marahaba. Hukukubali, na hakuna aliyekuuliza, hapo kijiweni ulishinda. Ila usijione umeonewa peke yako, hata waliotunga Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hawakuulizwa. Mfikirie babu yako, kama alizaliwa Bara miaka ya hamsini basi alizaliwa kwenye nchi ya udhamini chini ya Mwingereza, tarehe 9 Desemba 1961 akawa raia wa Tanganyika, tarehe 26 Aprili 1964 akawa raia wa Jamhuri ya Muungano, na muda wote huo hajatoka hata kwenye shamba lake la mihogo. Kura ya maoni haikupigwa Bara wala Visiwani, na Zanzibar kuna watu ukiwagusa hapo mpaka leo hamlali.

Walioulizwa walikuwepo, ila ni wale tu waliokuwa na karatasi nyingine mfukoni. Watu wenye asili ya Asia na Ulaya waliojikuta na uraia wa huku na wa Uingereza kwa pamoja walipewa miaka miwili baada ya uhuru wa Tanganyika wachague moja, na Kenya nao wakawapa wa kwao mpaka Desemba 1965 waombe kuandikishwa. Na hata hilo lilikuwa na vita yake maana Oktoba 1961 Bungeni walikuwepo waliotaka uraia uwe wa Mwafrika peke yake, Nyerere akasimama kidete akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kupitisha kitu kama hicho. Kwa hiyo kuna watu waliokaa sebuleni usiku kucha wanajadili na familia tuwe nani, wengine wakachelewa fomu, wengine wakagawana, baba huku mwana kule. Babu yako yeye hakuwa na cha kujadili.

Hoja yako ni kongwe kuliko kijiwe chenu. Socrates alipohukumiwa kifo Athens mwaka 399 kabla ya Kristo marafiki walishamwandalia njia ya kutoroka akakataa, akasema nimeishi hapa miaka sabini, mlango ulikuwa wazi na sikuondoka, kwa hiyo nilishakubali sheria za hapa. Baadaye sana Mwingereza John Locke akaenda mbali zaidi, akasema hata ukipita tu kwenye barabara ya nchi umeshakubali kimyakimya. Karne ya 18 David Hume, Mskochi, akawacheka wote, akasema hiyo ni sawa na mtu aliyebebwa usingizini akapakiwa melini, anaamka yuko katikati ya bahari halafu mnamwambia umemkubali nahodha kwa sababu hujajirusha majini. Mimi niko upande wa Hume. Ukimwambia mtu kama hupendi hama, ahamie wapi, kwa viza ya nani, na nauli ya kutoa wapi, wakati hata marejesho ya pikipiki ya wiki hii yanamsumbua?

Sasa kujitoa. Sheria yetu inaruhusu mtu mzima kuukana uraia, lakini awe na uraia wa nchi nyingine, na Waziri anaweza kukataa kusajili tamko lake, mfano nchi ikiwa vitani. Mlango upo kweli, ila unatokea kwenye nyumba ya jirani, barabarani hautoki. Na hii sio roho mbaya ya Tanzania, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 wa kupunguza watu wasio na utaifa unataka hivyohivyo, ukikana uraia usiupoteze mpaka uwe umepata mwingine. Mtu wa kawaida asiye wa nchi yoyote anayeishi kwake kwa amani hayupo kwenye hesabu za dunia. Ardhi karibu yote ina mwenyewe, kuna kipande kati ya Misri na Sudan kinaitwa Bir Tawil kama kilomita za mraba 2,000 hivi ambacho kila mmoja anasema sio changu, nenda kaangalie kama utapata abiria.

Kama unataka kujua mtu wa kawaida anaishije waulize Wamakonde wa Kwale, Kenya. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za mkoloni kwenda kulima mkonge na kukata miwa, watoto na wajukuu wamezaliwa hapohapo Pwani, lakini kitambulisho hakuna. Bila kitambulisho huna akaunti ya benki, laini ya simu unasajili kwa jina la rafiki, hati ya shamba usahau, askari akikusimamisha huna cha kutoa. Hao walikuwa wanataka uraia, walishakubali tangu zamani, ila serikali ndio haikukubali. Oktoba 2016 wakatoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kwenda kumwona Rais Uhuru Kenyatta, akaamuru waandikishwe, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kama kabila la 43 la Kenya. Washona wakafuata 2021, Wapemba wa Kilifi na Kwale 2023. Ukikaa kijiweni kwenu na kitambulisho mfukoni ni rahisi kusema mimi nijitoe.

Halafu hilo la msingi wa utii, ndio gumu kweli. Mimi siamini unatii kwa sababu ulikubali, nimeshasema hukukubali. Ukipita taa nyekundu na bodaboda yako, mama anayevuka na mtoto mgongoni hahusiki na ugomvi wako kwamba hukusaini. Sheria nyingi zinakubana kwa ajili yake huyo. Ila serikali nayo isichukue maneno yangu ikakimbia nayo, maana kama hukuniuliza mlangoni wakati naingia basi unadaiwa kuniuliza huku ndani kila siku, kwa kura inayohesabiwa, kwa mahakama inayoweza kukwambia wewe serikali umekosea, na kwa kuniacha niseme hapana kwenye yale ambayo sio lazima bila kunikatia riziki. Hilo la mwisho ndio linatupeleka kwa bibi wa Mufindi.

SWALI: Mwanangu mwandishi, hujambo. Mwaka 1974 nilikuwa msichana, tulihamishwa tukapelekwa kijiji kipya, nyumba ya baba ikaezuliwa ili tusirudi. Mjukuu wangu yuko chuo ananiambia bibi nyie mlienda wenyewe, ujamaa ulikuwa wa hiari imeandikwa. Na mimi kweli nakumbuka mkutanoni tulipiga makofi na nyimbo tuliimba. Sasa nisaidie, tulikubali au tulilazimishwa? — *Bibi wa Mufindi*

JIBU: Sijambo bibi, shikamoo. Mjukuu amesoma nusu. Azimio la Arusha la 1967 na maandiko ya Mwalimu Nyerere ya mwaka huohuo yalisema kweli kwamba vijiji vya ujamaa viwe vya watu wenyewe kupenda, mtu asisukumwe. Na walikuwepo waliopenda. Kule Litowa, Songea, vijana walianza kuishi na kulima pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya sitini kabla hata ya Azimio, vikafuata vijiji vingine vikaungana kwenye umoja wa maendeleo wa Ruvuma, wanaamua mambo yao mkutanoni, shule yao wenyewe, Mwalimu mwenyewe akawasifu sana. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ikauvunja umoja huo, mali zikachukuliwa. Mimi nikisoma historia hii hapo ndipo ninapokwama siku zote, yaani walewale waliofanya kwa hiari kile kinachotakiwa ndio waliofungiwa, kwa sababu ukishamwachia mtu aamue mwenyewe kukubali, siku moja ataamua mwenyewe kukataa, na chama kiliona hilo mapema.

Baada ya hapo mambo yakabadilika. Huko kwenu Iringa nadhani hamjasahau Krismasi ya 1971, mkuu wa mkoa Dk. Wilbert Klerruu alipouawa Isimani na mkulima aliyekuwa na mashamba yake binafsi, wakati ujamaa unasukumwa kwa nguvu maeneo yale. Kupiga risasi mtu sikutetei. Lakini ilikuwa ishara kwamba hiari imeshaisha na watu wamejua. Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na TANU ikataka ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa shamba wawe wamehamia. Mamilioni wakahamishwa, sehemu nyingine kwa malori, sehemu nyingine kama kwenu kwa kuezua paa. Kilimanjaro na Bukoba hawakuguswa sana, watu wameshabanana na migomba yao, huwezi kuhamisha mgomba.

Kwa hiyo bibi mlilazimishwa, na makofi hayabadilishi. Mtu anapiga makofi mkutanoni kwa sababu mjumbe anaangalia nani hapigi. Lakini na mimi nisikudanganye kwa kukurahisishia, najua wapo mliohamishwa kwa nguvu na baadaye mkapenda shule iliyokuwa karibu na zahanati na bomba la maji, watoto wenu wakajifunza kusoma hapohapo, na mpaka leo mtu akiwaambia mrudi kule porini hamrudi. Kupenda baadaye ni kweli, na kulazimishwa mwanzoni ni kweli, moja halifuti lingine. Serikali nyingi zinapenda kuchukua huko kupenda kwa baadaye kwenda kulipia kule kulazimishwa kwa mwanzoni, zinasema mnaona sasa mmefurahi, kwa hiyo mlikuwa mmekubali ila hamjui. Hapana.

Na huyo mjukuu wa chuo mwambie hata wa chuo waliionja. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kufanywa lazima kwa wasomi na kukatwa mishahara baada ya hapo, Mwalimu akawafukuza zaidi ya 300 wakarudi makwao, na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20 akiwaonyesha kwamba hata yeye anajibana. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata. JKT hiyo ya lazima ikasimamishwa miaka ya tisini, ikarudi 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita, na nakutana na vijana wanaotoka kule wanasema walienda wakilia wakarudi wamependa, mambo yaleyale ya bomba la maji.

Siku hizi bibi hawaezui paa. Unakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole? Mwisho ulikuwa Desemba 2019, ukasogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020, na ili usajili lazima uwe na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Hakuna askari aliyekuja nyumbani kukushika kidole, ni hiari yako kabisa, ila usiposajili laini inazimwa, na kwenye laini ndio kuna hela ya mtoto aliyetuma kutoka mjini. Mistari ile ya watu waliolala nje ya ofisi za vitambulisho wangeulizwa mmoja mmoja umelazimishwa, wengi wangesema sijalazimishwa nimekuja mwenyewe. Mimi sipingi vitambulisho wala usajili wa laini, matapeli wa ile pesa itume kwenye namba hii wametuumiza sana. Ninachosema ni kwamba kitu kikiunganishwa na riziki yako basi kukiita hiari ni kujichekesha, bora tukiite lazima halafu tubishane kama lazima hiyo ni ya haki. Wakenya walijaribu kubishana hivyo. Serikali yao ilipoleta Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, watu walienda mahakamani na Aprili 2019 Mahakama Kuu ikasema kwa muda kesi ikiendelea mtu asilazimishwe kujiandikisha na asinyimwe huduma kwa sababu hana namba. Oktoba 2021 ikasema utoaji wa zile kadi haukufuata sheria ya kulinda taarifa za watu. Serikali haikuanguka, maisha yakaendelea.

SWALI: Mimi nimezaliwa makazi ya Ulyankulu, wazazi wangu walikimbia Burundi 1972. Tumepata uraia. Nikisoma watu wanalalamika hawakuulizwa nashangaa, sisi tuliulizwa na tulisaini. Je sisi sio raia zaidi kuliko waliozaliwa tu wakakuta? — *Msomaji, Tabora*

JIBU: Hili swali limenifurahisha kuliko yote. Ukiwaza vizuri, Watanzania wengi waliowahi kukaa mbele ya meza wakaulizwa kwa sauti unataka kuwa wetu au unataka kurudi ni nyinyi wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2007 serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa waliwaorodhesha watu kama 218,000, asilimia kama 80 wakasema tunabaki, asilimia kama 20 wakasema turudi Burundi, na walirudi. Wewe mwenyewe unajua haikuwa rahisi kama inavyosomeka. Uraia wa Burundi mliukana kwanza. Mliambiwa pia mtahama makazi mtawanywe mikoa mingine, yaani nyumba, makaburi ya wazazi, mashamba ya tumbaku mliyofyeka wenyewe kwenye pori, vyote mwache. Baadaye sharti la kuhama likaachwa, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014 wakati wa Rais Kikwete, kwa watu zaidi ya 162,000. Miaka yote ile ya katikati mlikuwa wa nchi gani? Mmeshakana kule, huku hamjapewa.

Na kuna kitu kingine hapo kinaniudhi kama msomaji wa sheria wa kujifundisha mwenyewe. Sheria ya Uraia ukiisoma inavyosomeka, aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano baada ya Muungano ni raia kwa kuzaliwa, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wa adui aliyevamia. Mtoto wa mkimbizi hajatajwa. Lakini ofisini miaka yote imedaiwa angalau mzazi mmoja awe raia. Kwa hiyo wewe uliyezaliwa Ulyankulu umeombeshwa kwa fomu kitu ambacho maandishi ya sheria yalikuwa yameshakupa.

Raia zaidi? Kwa moyo labda ndio, sibishi. Kwa sheria umekaa pabaya kidogo kuliko yule wa Mbagala, kwa sababu uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba ukapewa, Waziri anaweza kuufuta kwa sababu zilizotajwa kwenye sheria, wa kuzaliwa hafutiwi hivyo. Ingawa hata hao wa kuzaliwa wasilale usingizi mzito sana, Februari 2001 watu wanne maarufu akiwemo mwandishi Jenerali Ulimwengu, ambaye alishakuwa mbunge na mkuu wa wilaya, walitangaziwa kwamba wao sio raia. Na mwaka 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha iliamua kesi ya mtu aliyeenda kituo cha polisi kushughulikia karatasi za ndoa yake, pasipoti ikachukuliwa, akafukuzwa nchini, Kenya nayo ikamkataa, akakaa katikati ya mpaka ambapo hakuna mwenye nchi. Mahakama ikasema Tanzania ilimnyang'anya utaifa kiholela, na ikasema pia mtu ambaye siku zote anajulikana kuwa raia, kazi ya kuthibitisha kwamba sio raia ni ya serikali. Watoto wako wewe mliozaa mkiwa raia wako salama zaidi, cheti cha kuzaliwa kila mmoja awe nacho, na cheti chako cha uraia usikiache kwenye mfuko wa rambo, panya wa huko nawajua.

SWALI: Kaka habari, niko Houston. Binti yangu amezaliwa huku, baba yake na mimi wote Watanzania, mwakani anatimiza 18. Nasikia atapoteza uraia wa nyumbani hata asipofanya kitu. Ni kweli? — *Mama Houston*

JIBU: Nzuri dada. Ni kweli, na la ajabu ni hilo hasa, kutofanya kitu nako kunahesabiwa kuwa ameamua. Sasa hivi ana vyote viwili, wa huko kwa kuzaliwa na wa huku kwa damu. Akitimiza 18 sheria yetu inamtaka akane wa Marekani, aape utii na atamke nia ya kuishi huku, asipofanya hivyo wa Tanzania unaondoka wenyewe. Kukana wa Marekani nako sio mchezo, ni kwenda mwenyewe mbele ya afisa wa ubalozi wao akiwa nje ya Marekani, na ada yao ilipandishwa mpaka dola 2,350 mwaka 2014, uliza imesimamaje sasa. Majirani zetu karibu wote wameshaachana na hili, Kenya tangu katiba ya 2010, Uganda nao, Rwanda na Burundi pia, tumebaki sisi na Kongo. Binti wa miaka 18 kuambiwa achague mama au shangazi kwa fomu mimi naona ni kumwonea, na nitaendelea kusema.

Nafuu iliyopo ni hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, Bunge lilibadilisha sheria za uhamiaji na ardhi mapema 2025 ili iwezekane. Inampunguzia shida ya kuingia, kukaa na mambo ya ardhi, kura hatapiga. Kama kuna shamba la babu yake mnataka kumwandikia, usihamishe hati kwanza, ulizeni ubalozini masharti ya ardhi chini ya hadhi hiyo yakoje, na muulize kabla ya siku yake ya kuzaliwa sio baada.